Mechi ya Saa Kumi na Moja

Mdogo wangu Kidole,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Ni matumaini yangu barua hii itakukuta mzima, umekula na umelala, maana nakujua wewe ukishaanza gemu hukumbuki tumbo wala kitanda. Huku sote tu wazima. Baba bado anabishana na redio kila asubuhi, na redio bado inamshinda. Mama naye hajambo, ingawa hukumuulizia, na hilo nitalifikia.

Flashi uliyoiomba imo ndani ya bahasha hii. Nimeifunga kwa kitambaa na kukishona pande zote, utafute mkasi. Anayekuletea ni yule jirani yetu dereva wa lori. Najua ile timu inataka kuiona mechi yako kabla ya Ijumaa ndipo iamue kama itakuchukua, kwa hiyo ondoa wasiwasi, mechi ipo. Ila namna nilivyoipata, kichwa kinanizunguka mpaka sasa.

Uliniambia kazi ni ndogo tu: niwashe kompyuta uliyoiacha, niitafute rekodi, niipunguze ukubwa, kwa kuwa timu haipokei faili linalozidi gigabaiti nne. Kidole, mimi ni fundi cherehani. Mimi nikipunguza kitu, kinapungua. Rekodi yako ilikuwa gigabaiti mia na ishirini. Nikafuata maelekezo yako yote, kompyuta ikaunguruma tangu asubuhi hadi alasiri, na nilipokuja kuangalia ilikuwa mia na hamsini. Nikavaa miwani ya baba. Mia na hamsini vilevile! Siku ya pili nikaibana kwa hasira, ikawa ndogo kweli, lakini wachezaji wako wote walikuwa wamegeuka vigae vya bafuni, na mpira wenyewe sikuuona.

Ndipo nikaibeba kompyuta mpaka kwa fundi wa kompyuta, yule mwenye kibanda nyuma ya posta. Alicheka mpaka akashika meza. Akanieleza kwamba mara ya kwanza niliilazimisha picha iwe bora kuliko ilivyorekodiwa, ndiyo maana ikavimba. Akasema picha inayokimbia ndiyo inayokula nafasi, ile iliyotulia ukiibana vizuri hubaki kama si kitu. Nikaitikia kama mtu aliyeelewa. Kisha yeye mwenyewe akaacha kucheka. Akaniuliza mdogo wangu alicheza mechi gani ya urefu wa saa kumi na moja.

Nikamjibu kuwa mechi haikufika hata saa moja. Akasogeza mbele, na kweli, dakika ya arobaini ulikuwa umeshinda. Baada ya hapo ni ubao wa matokeo tu umeganda, saa zote zilizobaki. Alipoongeza sauti, nikasikia mlango unagonga ukuta na baba anafoka, nikajua ni siku gani.

Nadhani ilikuwa hivi. Baba alipoingia alizima skrini akaamini amezima kompyuta. Wewe ukakusanya nguo zako ukaondoka, na maiki yako pale mezani ikaendelea kutusikiliza mpaka umeme ulipokatika. Miezi kumi na minne tulifagia chumba hicho na kupanga vitu vyako, hakuna aliyejua.

Fundi alinishauri nikifute kipande hicho, akisema hakina picha yoyote ya maana. Nikamwambia anitengenezee mechi kwanza. Kipande cha pili nilikuja kukisikiliza nyumbani, peke yangu, cherehani nimeizima, na sasa sina budi kukwambia mwenyewe kabla hujakisikia.

Siri ya kuacha chuo ulimwambia mama peke yake, ndiyo maana ukaamini ndiye aliyekuchongea kwa baba. Baba aliyekufukuza ulishapatana naye, simu zako zote unamsalimia. Mama aliyekutunzia siri ndiye hujamtamkia neno. Hakukuchongea, Kidole. Ni mimi. Ile suruali uliyonipa nikupunguzie urefu, mfukoni mlikuwa na barua ya chuo, nami niliipeleka kwa baba kwa mkono wangu. Nafasi ya kusoma nyumbani kwetu ilikuwa ya mtu mmoja, ukapewa wewe, mimi nikapewa cherehani. Nilipoona umeitupa, niliwaka hasira. Sikufikiri utafukuzwa. Au labda nilifikiri, sijui, nimejiuliza mara nyingi na sipati jibu moja.

Kwenye rekodi utanisikia nikilia na kumwambia mama kwamba nitakufuata kituoni nikiri kwako. Na utamsikia mama akinikataza. Anasema acha aamini ni mimi, mimi ni mama yake, atanuna lakini atarudi. Nyinyi wawili mkichukiana, anasema, siku sipo mtabaki na nani. Nikakubali. Ilikuwa rahisi kukubali, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote, kwa sababu hujarudi.

Basi mafaili ni mawili. La kwanza ni mechi, litume kwa timu. La pili nimelikata kwenye saa zile zilizobaki, ni dakika sita tu, ni la kwako. Sijui kama ninatengeneza au ninaharibu zaidi. Mama hajui kwamba nakuandikia, na akijua atanigombeza. Nitukane ukitaka, nitavumilia, lakini usianze na mimi. Ukimaliza kusikiliza, mpigie yeye kwanza. Huwa anashika simu tangu saa kumi jioni, anasema anaangalia saa.

Nifikishie salamu kwa wenzako mnaokaa nao. Mungu akulinde, na Ijumaa ikuendee vizuri.

Mimi dada yako,
aliyekupunguzia suruali