Upande wa Nkwabi

Didia, Shinyanga
4 Agosti 1953

Dada yangu mpendwa Klara,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa goti la kushoto ambalo unalijua tangu utoto wetu. Natumaini wewe na shemeji hamjambo huko Ushirombo, na kwamba ule mguu wako uliovimba wakati wa Pasaka umesikia dawa ya masista. Mwambie shemeji asali yake ilinifikia, ingawa mchukuzi aliionja njiani zaidi kuliko adabu inavyoruhusu. Huku mtama tumeuvuna, si haba, na michembe ya viazi imekauka vizuri. Chakula kipo. Mlaji ndiye hayupo.

Tangu wifi yako Tereza atutoke, mimi hupima unga kwa bakuli lile lile alilopimia yeye, bakuli la watu watatu, na kila siku ugali unabaki. Kuku ndio wanaokula fungu la waliokosekana. Wamenenepa hata jirani yangu Paskazia akaniuliza kama nawalisha kwa ajili ya Askofu. Jioni nasali rozari kwa sauti kama tulivyozoea, Salamu Maria naianza mimi, Maria Mtakatifu naiitikia mimi. Nisikufiche, dada, nina upweke. Sikujua kwamba mtu anaweza kufundisha dini watu sitini kwa juma na bado akose wa kumwambia kwamba leo chumvi imezidi.

Sasa nije kwenye lile uliloniuliza katika barua mbili na mimi nikalikwepa mara mbili. Umeuliza kama Ansgar, mwanangu ambaye ni mwanao pia, bado ni karani kule mgodini Geita. Hapana. Aliacha tangu Novemba. Nilinyamaza kwa aibu, maana wewe ndiye uliyeuza mbuzi wako wawili ili asome, na nilijua utataka kujua mbuzi wako wameishia wapi. Dada, wameishia kwenye ngoma.

Alinijia na mvua za kwanza, sanduku kichwani, akaniambia ameacha kazi. Nilidhani amefukuzwa, nikaanza kumfariji. Akasema hakufukuzwa, wala hakugombana na mtu, ila amechoka. Kila asubuhi aliandika majina ya watu wanaoteremka shimoni, jioni akayawekea alama wanapopanda, na mwaka mzima hakusikia hata jina moja kati ya yale likiimbwa. Nikamuuliza ni karani gani duniani anayeimba daftari lake. Akacheka, akanywa maji, akaenda kulala. Wiki ile ile akajiunga na kundi la mzee Mageni, wale bagobogobo wanaolima mashamba ya watu kwa ngoma, wanaorusha majembe juu na kuyadaka bila kukosea pigo.

Hofu zilizonipata hapo sitazimaliza kwa karatasi hii. Nilijiuliza mtu wa kazi kama hiyo anastaafu lini. Karani akizeeka huendelea kuketi, lakini manju wa ngoma akizeeka magoti anafanya nini, na magoti ya ukoo wetu unayajua? Nilijiuliza ni baba gani Mkristo atakayepokea posa ya kijana ambaye mali yake ni njuga za miguuni. Nilijiuliza jembe likirushwa na lisidakwe linashukia wapi. Nilikuwa nikiwaza haya hata kwenye Misa, na siku moja niliongoza Litania nikaruka watakatifu wanne.

Wakati wa Kwaresima Padre akaja kuandika kitabu cha familia. Alipofika mahali pa kazi ya kijana wangu, akainua kalamu akanitazama. Nikamwambia mkulima. Sikusema uongo, dada, jembe analo. Sikueleza tu kwamba muda mwingi liko hewani.

Baada ya Pasaka mambo yakafika shingoni. Mimi nilikuwa barazani nawafundisha wakatekumeni Amri Kumi, yeye uani na vijana wenzake wanajaribu wimbo mpya. Ngoma ya uani ikaingia barazani. Wanafunzi wangu wakaanza kutaja amri kwa mapigo, na tulipofika amri ya sita, ile ya Usizini, akina mama wa nyuma wakaitilia kiitikio na shangwe. Nikasimama. Nilisema maneno makali mbele ya watu wote. Nilimwambia Ansgar kwamba nyumba hii haiwezi kuwa na katekista na manju, na kwamba arudi siku atakapopata kazi ninayoweza kuitaja kanisani bila kukohoa. Alichukua jembe la marehemu mama yake lililokuwa nyuma ya mlango, akaenda kukaa kwa Mageni, mwendo wa saa mbili kutoka hapa. Nilitegemea angerudi Jumapili. Kisha nikategemea Jumapili iliyofuata.

Sifa zake zilinifikia kabla ya salamu zake. Nilisikia kwamba amekuwa manju mkuu wa kundi, na kwamba watu wanamwita Ng'wana Katekista, yaani mtoto wa katekista, na wanalipigia jina hilo vigelegele kutoka huku mpaka njia ya Kahama. Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Nilingoja ipasuke. Yake ikazidi kuvuma.

Basi wiki iliyopita yakawa mashindano baada ya mavuno, Bagika, chama cha ngoma cha Ansgar, na wapinzani wao Bagalu wa manju Nkwabi, siku tatu, katika uwanja wa mnada. Umeondoka huku zamani, lakini najua hujasahau jinsi yanavyoamuliwa. Hakuna jaji. Ngoma mbili zinapigwa kwa wakati mmoja, pande mbili za uwanja, na kila mtazamaji anakwenda ilipo tamu. Jioni ya siku ya tatu mwanangwa wetu, mkuu wa kijiji, anapanda juu ya mkokoteni na kutazama, na palipo na watu wengi ndipo palipo na ushindi. Ansgar alikuwa ameweka yote hapo. Mageni alikuwa amezeeka, na alikwisha sema kwamba mwanangu akishinda atamkabidhi kundi na shamba la kuishi. Akishindwa, kijana wa shule aliyeacha meza yake hatakuwa na meza wala ngoma.

Kwa siku mbili upande wake ulizidi. Siku ya tatu upande wa Nkwabi ukafurika, Ansgar akashindwa, na watu wote wanajua sababu. Sababu ni mimi. Nilikuwa kule, nimeketi mbele kabisa upande wa Nkwabi, juu ya kigoda. Wakristo waliniona nimeketi hapo, wakasema ikiwa katekista mwenyewe yuko huku, basi hii ndiyo ngoma isiyo na uganga, wakahama kundi kwa kundi kuja kwangu. Mama Zipora, kiongozi wa akina mama wa kanisani, peke yake aliivuta jumuiya nzima. Mwanangwa alipopanda mkokoteni hakuhitaji hata kutazama mara mbili.

Jumapili baada ya Misa walinipa mikono. Walisema mimi ni kama Abrahamu, sikumhurumia mwanangu wa pekee. Padre mwenyewe alinishika bega akasema ushuhuda wangu umekuwa mkubwa. Ndivyo watakavyokusimulia wapita njia wakifika Ushirombo, na mimi sikumsahihisha mtu hata mmoja. Niliinamisha kichwa kama mnyenyekevu.

Lakini wewe ni dada yangu uliyenibeba mgongoni, nawe sikudanganyi. Sikwenda kumpinga Ansgar. Nilikwenda kumwona.

Siku mbili za kwanza niliisikia ngoma kutoka nyumbani, nikafunga dirisha, nikalifungua. Siku ya tatu nilijiambia kwamba ni wajibu wa katekista kuchunguza kama kuna dawa za kienyeji uwanjani. Nikavaa kofia ya zamani ya shemeji na koti la mvua, jua likiwa kali, nikazunguka kwa nyuma. Sikuweza kusimama upande wake kwa kuwa angeniona, na baada ya maneno yale niliyomtamkia, niliona aibu mbele ya macho yake. Kwa hiyo nikajificha nyuma ya akina mama wa upande wa Nkwabi, mahali ambapo ukinyoosha shingo unaona ng'ambo vizuri. Nilifikiri kama mtu anayechungulia ua. Nilisahau kwamba katika mchezo huo hakuna mahali pa kuchungulia, kwamba pale unaposimama ndiyo kura yako.

Nilimwona, dada. Jembe alilorusha lilikuwa la Tereza. Nalijua mpini wake, nimeuchonga mwenyewe. Aliimba jinsi mama yake alivyolima peke yake mwaka wa njaa huku baba akiwafundisha watu njia ya mbinguni, na katika wimbo ule hakunitukana hata kidogo. Alisema baba alikuwa na kazi yake na mama alikuwa na yake, na yeye amechukua iliyobaki bila mtu. Watu wa upande wake waliitikia jina la Tereza. Sijalisikia likitajwa na mdomo usio wangu tangu mazishi. Nikalia chini ya kofia ile kama mtoto aliyepotea mnadani.

Hapo ndipo Mama Zipora alipogeuka akanitambua. Akapiga yowe la furaha, akasema katekista wetu yupo. Wakanipisha kwa heshima. Mmoja akaleta kigoda, wawili wakanishika mikono, nikasukumwa mbele, na mimi nikidhani wananiamkia tu, nikaitikia marahaba huku na huku. Nilipoona vumbi la watu wanaovuka uwanja kuja kwetu ndipo nilipoelewa. Ningeweza kusimama, dada. Hatua hamsini tu. Ningevuka, nao wangenifuata, nusu saa ilikuwa bado. Niliwaza Padre atasema nini. Niliwaza watu watacheka. Nikabaki nimeketi, na Ansgar akaangalia watu wake wanaondoka, akiwafuata kwa macho wanakokwenda, mpaka macho yake yakafika kwangu.

Hakukosea pigo. Alimaliza wimbo. Kisha akafungua njuga, akampa Mageni, akaondoka.

Jana asubuhi Mageni alikuja kwangu. Nilimkaribisha kiti akakataa. Alisema Ansgar amerudi njia ya Geita kwa miguu. Meza ya ukarani imekwisha pata mtu, kwa hiyo ataomba ateremke shimoni na wale aliokuwa akiwaandika. Alisema Ansgar amesema kwamba hiyo angalau ni kazi ambayo baba yake ataweza kuitaja. Na alisema kijana atapita kwako kupumzisha miguu.

Ndiyo sababu naandika kwa haraka na mwandiko huu mbaya. Barua hii nampa Ignas, utingo wa lori la karanga, ameniapia itakufikia kabla ya Ijumaa. Ansgar akifika mzuie, dada. Mpikie, mfulie, umfichie viatu ikibidi. Usimwambie arudi awe karani, wala usimwambie amtii baba yake. Mwambie kwamba yule mzee wa kigoda hakwenda pale kumhukumu. Alikwenda kujificha, akaogopa kusimama. Jumapili ijayo nitaliungama hilo mbele ya kanisa lote, na Padre akitaka kumpa mwingine ukatekista, ampe.

Na kama hataki kuja nyumbani, nitamwelewa. Mwombe basi jambo moja tu, akutajie uwanja atakaocheza tena, popote pale, hata Nkome ziwani. Goti langu litafika. Nitasimama upande wake mapema, kabla ngoma haijaanza, hata kama nitakuwa peke yangu.

Nisalimie shemeji na wote wa nyumbani kwako, na masista wanaokutibu. Paskazia anakusalimu, anasema mguu uukande kwa maji ya chumvi. Mungu awe nanyi, na amfikishe salama huyo aliye njiani.

Ni mimi mdogo wako,
Donatus Mihayo,
baba yake Ansgar, mcheza ngoma