Kiyeyusho na Bi Mdogo wa Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Tumeanza! Valvu nimefungua mwenyewe — kiyeyusho kikashuka kwenye kisima cha mafuta pamoja na mvuke. Meneja akapiga makofi, mimi nikajifanya nimezoea. Mafuta yetu ni mazito, yamegandia mchangani kama lami. Miaka yote tunayapasha kwa mvuke mtupu, boila mbili zinaunguza gesi kutwa kucha. Sasa mvuke upashe, kiyeyusho kilainishe kama thina inavyolainisha rangi. Yakitoka, tunakitenga na kukirudisha kazini. Kisiporudi, jaribio limekufa.

Nyumbani dada kauliza tukifaulu itakuwaje. Boila moja itatosha, nikajibu kwa mbwembwe. Boila ya pili anaiendesha mume wake. Nami nakaa kwao! Mdomo wangu huu.

Alhamisi, 6 Machi
Mvuke tumepunguza, mafuta hayajapungua hata kidogo. Nimecheza ofisini peke yangu. Mfagizi kaniona, kaufunga mlango polepole.

Shemeji anaiita boila yake bi mdogo. Anaifuta kila asubuhi, anaisemesha. Dada analalamika yeye hajawahi kufutwa hivyo tangu harusi. Leo mezani shemeji kanitania, eti nimekuja kumwachisha mke. Tukacheka wote. Yeye akawa wa kwanza kuondoka mezani.

Jumanne, 11 Machi
Balaa! Maabara wanasema kiyeyusho hakirudi. Kwenye sampuli za mafuta imebaki harufu tu. Meneja kasema ikiendelea hivi, Ijumaa anafunga jaribio. Kimebaki ardhini? Hesabu zangu zinakataa kabisa.

Jumatano, 12 Machi
Nimeifuata chupa ya sampuli tangu inapojazwa. Kisimani inafungwa vizuri. Gari la maabara likichelewa — na linachelewa kila siku — chupa inangoja kwenye kibanda cha zamu cha shemeji. Kwenye rafu. Kando ya bomba la mvuke! Pana joto la kukausha nguo, na kweli kaanika soksi zake. Mifuniko yote imelegezwa. Kiyeyusho chenyewe kinapaa kwa joto dogo tu. Tena karibu na moto — cheche moja tu ingetosha.

Nikamwuliza, shem, hizi nani kalegeza? Yeye. Eti zisipasuke. Ni kweli, mtu wa boila hawezi kuona kitu kinapata joto asikiachie pumzi, hata chupa ya chai anailegeza. Lakini alinijibu huku anazitazama soksi.

Alijua? Sijui. Naogopa kujua. Nikamweleza vyote: chupa ikae kwenye baridi, ifungwe kabisa, na kesho ndiyo nafasi ya mwisho. Akasema haya. Meneja nimemwambia tu sampuli ziliharibika. Sikumtaja mtu.

Alhamisi, 13 Machi
Mchana. Maabara. Nina hasira! Nilipanga niende kuchukua sampuli mwenyewe, meneja kaniita kikaoni. Zamu ya nani? Ya shemeji. Gari halijafika, simu yake haipokelewi. Nikampigia dada. Kanijibu kwa ukali: mumewe kakomba barafu yote kwenye friji, kachukua na lile kasha la vinywaji vya watoto, nyumba nzima inanung'unika. Mna nini nyie wawili?

Nimekaa. Naandika huku nangoja.

Shemeji kaingia! Kwa miguu, gari hakulisubiri. Kasha kalibeba kwa mikono miwili, shati limelowa. Ndani barafu, katikati ya barafu chupa, mfuniko umekazwa na kuzungushiwa plasta. Kaiweka mezani. Pima, shem, kasema.

Fundi wa maabara kaiingiza kwenye mashine. Shemeji kakaa benchi moja na mimi, kitambaa chake cha kufutia boila kinaning'inia mfukoni. Nimemshukuru. Baadaye kaniomba jambo moja tu: siku ya kumzima bi mdogo, nisimruhusu mtu mwingine. Amzime yeye, taratibu, hapendi kuharakishwa.

Mashine imelia. Karatasi inatoka. Fundi anatuita, wote wawili tumebaki tumekaa —