Jino Nimeng'oa, Mama

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na afya, kuku wako wazima, na yule jirani wa ukutani ameanza kurudisha sufuria anazoazima. Mimi sijambo, kazi zinaenda. Lakini hilo shavu je? Najua umeshaanza kuguna. Kaka ameniambia bado unatafuna upande mmoja, unalala umejifunga kitambaa, na ukiulizwa unasema ni upepo tu. Upepo gani huo, Mama, usiohama tangu mvua zilizopita?

Sasa kaa chini, maana habari yenyewe ni hii: jino nimeng'oa. Gego la mwisho kabisa, lililokuwa limelala ndani ya ufizi. Daktari alipasua, akalitoa, akanishona. Usipige yowe. Ningekuambia mapema ungenifuata hadi kwenye kile kiti na kunivuta mguu. Nakujua. Tangu Baba atolewe jino akafariki, nyumbani kwetu kumtaja daktari wa meno ni kama kutaja jeneza.

Nilishonwa asubuhi, na kufikia jioni shavu lilikuwa limeumuka kama unga uliotiwa hamira. Daktari, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha kwaya, alikuwa ameshanionya kwamba uvimbe wa siku za mwanzo ni kawaida, niweke kitambaa cha baridi na nilale nimeinua kichwa. Siku hiyo nisisukutue kabisa. Kesho yake ndiyo nianze maji ya chumvi ya vuguvugu, taratibu, niyaache yadondoke yenyewe badala ya kutema kwa nguvu. Nisinyonye kitu chochote, kwa kuwa damu iliyoganda kwenye tundu ndiyo kifuniko cha kidonda. Na dawa alizoniandikia nimeze mpaka ziishe, hata nikijisikia naweza kucheza ngoma.

Watu hawakuniacha nipumue. Mpangaji mwenzangu, tunayemwita Dokta ingawa anauza viatu, alikuja na unga wa mizizi akitaka kunishindilia kwenye tundu. Nikamwambia kinywa changu si gunia. Akanuna, mpaka leo amenuna. Shangazi naye akapiga simu kunigombeza kwamba nataka kumfuata ndugu yake. Hapo nililia, Mama, sikufichi. Halafu nikakasirika, nikaenda kusukutua maji yangu ya chumvi.

Aliyeniponza ni mimi mwenyewe. Nilirudi kazini mapema mno, kwa sababu kulikuwa na gauni la bi harusi linalosubiri pindo. Sisi mafundi cherehani unatujua: pini tunazibana midomoni, na uzi hauingii kwenye tundu la sindano mpaka tuunyonye ncha. Mkono ukaenda wenyewe. Niliponyonya tu nikasikia kitu kimeachia, damu ikajaa mdomoni. Fundi mkuu akaniita mwendawazimu mbele ya bi harusi, akaninyang'anya pini zote, akanipa shashi safi niing'ate, akanipeleka yeye mwenyewe kwa daktari. Njia nzima nilikuwa namwona Baba na lile shavu lake lililovimba mpaka likawa linang'aa.

Daktari alisafisha, akaweka dawa, akasema hakuna usaha wala homa, na nimefanya vyema kuja upesi. Ndipo nikamsimulia habari za Baba: tumbaku aliyoijaza kwenye tundu, vidonge alivyoviacha maumivu yalipotulia, na ile homa tuliyoikalia nyumbani tukisema itapita. Akasema yeye hakumtibu, lakini kwa anavyosikia, aliyemuua si koleo, ni uchafu ulioingia na msaada uliochelewa. Mama, miaka yote hii tumemwogopa asiye na kosa!

Siku hizi pini nazichomeka kwenye sifongo niliyoifunga mkononi, na uzi naulowanisha kwenye kibakuli cha maji. Wenzangu wananicheka, waache wacheke. Nyuzi zimetoka, kidonda kimefunga, na nimeruhusiwa kutafuna chochote.

Sasa nikuambie lile ambalo nimekuwa nikilizunguka tangu mwanzo wa barua. Jino langu halikuwa linauma. Daktari alisema lingekuja kunisumbua siku moja, ila lingeweza kungoja. Aliyekataa kungoja ni mimi. Nilipokubembeleza uende ukatibiwe, ulisema utakwenda siku utakapomwona mtu wa nyumba hii ametolewa jino, akarudi, akala. Ulidhani umenifunga mdomo. Basi mtu huyo ni mimi. Niliogopa sana, na bado nilikaa kwenye kile kiti, kwa ajili ya shavu lako. Baba nilimtazama tu akienda. Wewe sikutazami.

Nakuja Jumamosi, na daktari anajua kwamba namletea mgonjwa mbishi. Kama una visingizio vipya, viandae vyote, nitavisikiliza nikiwa nakutafutia khanga ya kutokea. Msalimie kaka, umwambie akae mlangoni usije ukatoroka. Shangazi naye msalimie, mwambie sijafa.

Niwekee karanga kavu, zile ngumu kabisa. Nitakaa mbele yako nizitafune kwa upande ule ule uliopasuliwa, uzisikie zinavyovunjika. Zikiisha, tunavaa viatu tunaondoka.

Ni mimi mwanao, yule yule unayemwita Kichwangumu.