Eda ya Nassor

Makangale, Pemba
Jumapili

Dada yangu mpenzi Zulekha,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na watoto, na lile goti lako liwe limepoa. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Macho ya baba ni yale yale: kivuli cha mtu anakiona, sura haioni. Chakula anakula, na maneno hayajampungua.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia na simu ninayo. Simu yako, dada, husikilizwa na nyumba nzima, na haya nataka uyasome peke yako. Nitampa Bi Khairat akukabidhi mkononi, anakuja Unguja na boti ya Jumanne.

Kwanza la furaha: Ijumaa iliyopita nimeolewa. Usinune. Baba alitaka nikaha ifungwe haraka kabla mtu hajabadili mawazo, awe wa duniani au asiye wa duniani, na hadi hapo alinikataza kukwambia.

Mume wangu ni Haroub, fundi seremala wa Konde, aliyefiwa na mkewe miaka minne nyuma. Alikuja kwetu kutengeneza mlango wa uani ulioliwa na mchwa. Kazi ya siku mbili aliifanya siku kumi na moja. Siku ya tano baba aliniambia kwamba fundi huyu ama hajui kazi, ama anajua sana anachokifanya. Mimi nilikuwa nimeshajua, maana kila nikimpelekea chai nilikuwa nikibadili kanga kwanza. Nilimpenda, dada, na nilidhani mambo hayo yameshanipita.

Maana hali yangu unaijua. Miaka sita nyuma watu wa Kengeja walipokuja kuniposea kijana wao Jaribu, nilianguka mbele yao, na sauti nzito ikasema kwamba mimi ni mke wa ruhani aitwaye Nassor, na atakayenigusa atakiona. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kuleta posa. Kila Alhamisi alasiri baba humfukizia Nassor ubani na kumwekea kikombe cha marashi barazani, kama mkwe yeyote anayeheshimiwa. Haroub alipoleta posa, baba alimjibu kwa masikitiko kwamba hawezi kuoza mke wa mtu.

Haroub hakukasirika. Alirudi wiki ya pili na ami yake, kanzu zimepigwa pasi, akaomba kuzungumza na Nassor mwenyewe. Baba alimwita Bi Mwanaasha, yule mganga unayemjua. Asubuhi ya Jumamosi tulikaa ukumbini, mimi nimefunikwa shuka nyeupe, Haroub amepiga magoti mbele yangu na chupa ya marashi. Alisema kwa adabu kwamba hakuja kunyang'anya, amekuja kuomba. Bi Mwanaasha akamwita Nassor mara tatu. Aliyeanguka hakuwa mimi. Alianguka Haroub.

Ilimtoka sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, ya mtu mzima aliyechoka: "Mie Nassor. Mwatum nimemwacha kwa wema. Akae eda yake miezi mitatu, ndipo aolewe." Haroub akaamka, anauliza kwa nini kanzu yake imerowa marashi.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Shehe wa msikiti wetu alisema eda hiyo haijui, na ndoa yenyewe ya Nassor hakuifungisha yeye. Baba akamjibu kwamba talaka wameisikia wote na eda wameisikia wote, na si uungwana kukubali nusu ya maneno ya mtu. Basi nilikaa eda, miezi mitatu kamili, sitoki wala sijipambi, kwa mume ambaye hakuna aliyemwona. Haroub naye kila wiki alikuja kwa jirani kumchongea kitu, ili nisikie randa yake tu. Jirani sasa ana vigoda tisa.

Sasa kama umesimama, kaa kitako. Siku ile ya watu wa Kengeja hakukuwa na Nassor. Nilijiangusha mwenyewe, na sauti ile niliitoa kooni mwangu. Mama alikuwa hajatimiza miezi miwili kaburini, wewe umeshaolewa Unguja, macho ya baba yanaanza kufifia, na Kengeja ni kule mwisho wa kisiwa. Nani angemshika mkono kwenda msikitini? Jina nililisoma kwenye kalenda ya duka iliyokuwa ukutani. Nassor ni mwenye duka. Nilidhani uongo huo utanifaa wiki moja. Umekaa miaka sita, na wewe ukinililia kwenye simu. Nakuomba radhi, dada yangu.

Siku ya Bi Mwanaasha nilikuwa nimejitayarisha kuanguka na kujipa talaka mwenyewe, mambo yaishe. Haroub aliponitangulia, nilijua kwamba ameugundua uongo wangu na ameamua kunisitiri. Nilimpenda maradufu, ila kwa ile eda nilimlaumu. Juzi tukinywa chai nilimshukuru, nikamuuliza kwa mzaha eda aliileta ya nini. Alikiweka kikombe chini. Alisema hakumbuki kitu, ila harufu ya ubani. Kisha akasema, "Mwatum, mie usingizi nilikuwa siupati kwa kukutaka wewe. Ningejiongezea miezi mitatu mwenyewe?"

Ikiwa Haroub hakujiangusha, sijui ni nani aliyesema. Kama kuna aliyeitikia, basi nilimwita kwa jina la mwenye duka naye akalikubali. Miaka sita hakunitisha wala hakunidai, na nilipompenda mwengine aliniacha kwa wema. Nimemlilia, dada, na sijui kama ni dhambi.

Limebaki la baba. Haroub amemtengenezea chumba Konde, lakini baba hataki kuiacha nyumba ya mama, na mimi sikuweza kumwacha peke yake gizani. Jana asubuhi nilikwenda kumwambia kweli yote, anitukane akitaka. Nilimkuta barazani anazungumza kwa sauti ya chini na kigoda kitupu, akinyamaza kila baada ya maneno kama anayesubiri jibu, kisha anacheka. Nilimweleza habari ya kalenda na ya koo langu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Siku ya kwanza ilikuwa sauti yako," alisema. "Sauti ya mwanangu naijua. Niliweka marashi nikusitiri kwa watu. Alhamisi ya pili nikatoa salamu kwa mazoea tu, nikaitikiwa."

Nilimwambia kwamba Nassor ameshaniacha, eda imekwisha, hana tena la kumleta kwetu. Baba alinipapasa mpaka akaupata mkono wangu.

"Kakuacha wewe, mwanangu. Mie hajaniacha."

Basi kesho nahamia Konde, maana baba hayuko peke yake gizani. Haroub anakusalimu sana, ami yake pia. Baba anakusalimu na anakuombea dua kwa goti lako. Amenisimamia hapa hapa kuhakikisha naandika kwamba Nassor naye anakusalimu.

Mdogo wako,
Mwatum binti Silima