Upande wa Pili wa Uzi

Baba Neema wangu, huko uliko,

Leo Jumapili. Tumetoka kanisani, watoto wamekula, na mimi nimekaa sebuleni nimeegemea pamba. Si unajua msimu huu sebule inavyokuwa. Pamba imefika dirishani, kiti kimoja tu ndicho kinaonekana, na Milembe anaipanda kama kilima. Ulipotuacha alikuwa hajaota hata jino. Sasa anatembea, na akianguka hatoi sauti mpaka aone kwanza kama namwangalia.

Nimechukua daftari la zamani la Masanja, kurasa za nyuma, nikuandikie habari ya uzi. Sina mwingine wa kumweleza. Ningemweleza mama yako, lakini yeye angenitetea, na mimi sitaki kutetewa.

Michezo ya shule imekuja wakati uleule inapokuja kila mwaka, pamba ikiwa imepasuka na inasubiri mikono. Neema yuko darasa la sita, anakimbia mita mia. Anatoka nyumbani alfajiri kwenda mazoezini. Masanja ni golikipa wa darasa la tatu, kila siku anarudi na magoti mekundu, na wote wawili wana fulana moja ya michezo. Neema akimaliza kukimbia anaivua, Masanja anaivaa na jasho lake, anakwenda golini. Mimi napika uji, nachuma mistari miwili, namfunga Milembe mgongoni nakimbilia uwanjani, nikitoka huko narudi shambani. Zamani, siku za mazoezi, tuligawana, wewe mpira, mimi riadha. Sasa nasikia kelele za goli upande wa pili wa uwanja na siwezi kujua kama ni Masanja amedaka au amefungwa.

Unakumbuka walivyotupa kazi ya uzi? Neema alikuwa bado ananyonya. Mwalimu mkuu alitutazama mbele ya wazazi wote, akasema, "Hawa wawili ni watu wa kanisa, na hapa shuleni hawana mtoto. Washike uzi wa mwisho wa mbio, hawana wa kumpendelea." Watu wakacheka. Kazi ya siku moja ikawa yetu miaka yote, hata watoto wetu walipoanza shule na wao. Hakuna aliyewahi kusema tumependelea.

Kamba ya plastiki uliikataa wewe. Ulisema itakata watoto shingo. Ukachuma pamba ya mwisho kabisa, ile ya matawi ya chini ambayo hata kituo cha kununulia wanaikunjia uso, ukaisokota pajani jioni baada ya jioni mpaka ukapata donge kubwa kama ngumi. Uzi mwembamba, unaoshikika na kukatika. Ukanifundisha, "Mama Neema, usiuzungushe kidoleni hata siku moja. Ushike kwa ncha za vidole viwili, kama unavyoshika sikio la mtoto mchanga. Anayefika wa kwanza aondoke nao kifuani. Hapo hakuna ubishi."

Na kulikuwa na lile jambo letu. Kabla ya filimbi ulikuwa unauvuta uzi mara mbili, taratibu, kuniuliza kama niko tayari. Nami nakujibu mara mbili. Uwanja umejaa watu na vumbi na vigelegele, na sisi tunaongea, hakuna anayejua. Sikuwahi kukuambia kwamba ndicho nilichokuwa nakifuata pale.

Mwaka huu mashindano ya kata yamefanyika shuleni kwetu. Upande wako amesimama Mwalimu Happy, mwalimu mgeni, binti mdogo mwenye moyo mzuri. Mkono mmoja uzi, mkono mwingine simu, anawarekodi watoto. Na mimi, utanicheka, nilisimama pale nasubiri uvutwe mara mbili. Nilijua hautavutwa. Nilisubiri tu.

Wasichana wakajipanga. Neema alikuwa mstari wa karibu na mimi. Mstari wa mwisho, kule kwa Mwalimu Happy, alikuwa Kabula wa shule ya jirani, msichana mrefu, miguu peku. Milembe akaanza kulia mgongoni, kitenge kinafunguka. Nilihitaji mkono. Basi nikauzungusha uzi kidoleni, mara mbili, ili nikaze kitenge. Filimbi ikalia nikiwa hivyohivyo.

Baba Neema, kidole kilijua kabla ya macho. Uzi uliniuma, ukakaza kuelekea kule, upande wa Kabula, na Neema alikuwa bado hajafika. Nusu hatua. Ningekuwa nimeushika kwa ncha za vidole, ungeniponyoka na Kabula angeondoka nao. Lakini nilikuwa nimeufunga, ukakatika, na kipande changu kikarudi na kumwangukia Neema shingoni wakati anapita. Mwamuzi alipogeuka aliona msichana mwenye uzi. Akamnyanyua mkono.

Ukawa ni mlio mmoja tu. "Neema! Neema! Mtoto wa marehemu!" Akina mama wakambeba juujuu. Kabula alisimama anajipapasa kifuani, anatafuta uzi. Kisha akaja, akampa Neema mkono. "Hongera," akamwambia, akaenda kukaa peke yake kwenye majani. Unajua ni mmoja tu anayechukuliwa kwenda kambi ya wilaya, kule Bariadi.

Mwalimu Happy akanijia anaruka. "Mama Neema, nimerekodi yote!" Akanionyesha. Tuliona vumbi, mbingu, na sikio la mwamuzi.

Nilikuwa na nafasi ya kusema palepale. Lakini Neema, akiwa juu ya mabega ya watu, kwanza alitazama upande wako. Akamwona Mwalimu Happy. Ndipo akanitafuta mimi, akacheka. Baba Neema, tangu tukuzike mtoto huyu hajacheka hivyo. Nikakunja ngumi nifiche kidole, nikafunga mdomo.

Mama yako akachinja kuku. Masanja ndiye aliyeombea chakula. "Asante Mungu kwa sababu dada amekuwa wa kwanza, na mimi nimefungwa tatu tu." Wote wakasema amina. Mimi haikutoka. Kidole kilikuwa na mstari mwekundu, kama nimevaa pete. Neema naye alikula kidogo, akasema amechoka. Nilipomtazama aliangalia sahani.

Hapo ndipo nilipozikumbuka mbio za kijijini Ipililo. Ile Pasaka ya vijana, nami bado msichana kwa baba yangu, nimeacha shule kidato cha pili na sina pa kujionyesha isipokuwa kwenye mbio. Mstari wa kumalizia ulikuwa wa majivu, na wewe, mgeni kutoka Bariadi, ulikuwa umechuchumaa pembeni yake. Wenzangu walinibeba, wakaniimbia. Ukasubiri wanishushe, ukaja.

"Dada, samahani. Wewe umekuwa wa pili. Lakini umekimbia vizuri sana."

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Nilikuchukia wiki tatu nzima. Nilimwambia mama, kuna kijana wa Bariadi hana adabu kabisa. Mwezi uliofuata huyo asiye na adabu alikuwa amekaa uani kwetu anamwamkia baba yangu, "Mwangaluka, baba," na mimi nimejificha jikoni namchungulia. Nilikubali kuolewa na wewe kwa neno lile. Niliona kwamba mtu huyu hatanidanganya hata nikitaka anidanganye.

Asubuhi nilimwambia Neema tukiwa shambani, kila mmoja na mstari wake wa pamba. Sikumzungusha. Nikamwonyesha kidole.

"Kabula alitangulia. Kosa ni langu, niliufunga uzi. Leo tunakwenda kwa mwalimu mkuu kabla hajapeleka majina."

Akasimama. "Mama, mimi sikuiba."

"Hujaiba, ng'wanone, mwanangu. Nimesema kosa ni langu."

"Basi kaombe msamaha wewe! Mimi niache niende Bariadi." Kisha akasema lile ambalo nilikuwa naliogopa. "Baba angekuwepo asingenifanyia hivi. Baba alikuwa ananipenda."

Nikamwambia habari ya Ipililo, yote, hata la kujificha jikoni. Hakuwa anaijua, nafikiri tulikuwa tunaitunza kama chakula cha baadaye. Alisikiliza anachuma, anachuma haraka, pamba na majani yake, hata sikumkemea.

"Kwa hiyo baba ndiye alikufanya wa pili?"

"Sikufanywa. Nilikuwa wa pili. Yeye alisema tu."

Akachuma mpaka mwisho wa mstari. Halafu, bila kunitazama, "Nililiona bega lake, mama. Kabula. Nililiona mbele yangu."

"Najua."

"Sitaki kwenda kwa mwalimu."

"Sijakuuliza kama unataka. Tunakwenda. Nitakushika mkono njia nzima." Na nilimshika, ingawa alikuwa anauvuta.

Mwalimu mkuu ni yuleyule aliyetupa kazi. Alivua miwani. "Mama Neema, mambo ya uwanjani yanaishia uwanjani. Mwamuzi ameamua. Na huyu mtoto, baada ya yote yaliyompata, Mungu amempa kitu kidogo, wewe unakichukua?"

"Mwalimu, kidogo hicho si chake. Wewe ulisema sisi hatuna wa kumpendelea."

"Nilisema nyinyi wawili."

"Nimebaki mimi."

Akamgeukia Neema. "Na wewe unasemaje?" Nilidhani atalia. Akasema kwa sauti ndogo, "Kabula alinipita." Mwalimu akachukua kalamu, akakata jina, akampigia simu mwalimu wa michezo wa kata mbele yetu. Tulipotoka nje Neema aliachia mkono wangu, akarudi nyumbani kwa njia yake. Nilimwacha atangulie.

Sitakudanganya kwamba watu walinisifu. Kisimani wananiita Mama Uzi. Mmoja akasema, "Wengine wanatafutia watoto wao bahati, huyu anaigawa." Mama yako alininunia siku mbili. Kisha akaja mama yake Kabula kwa miguu, na beseni la michembe kichwani. "Wabeja, mayu," akanishukuru, akanishika mkono wenye kidole kile bila kujua. Nimeonja michembe hiyo, ni mitamu, viazi vyake vilikaushwa vizuri. Neema aliapa hataigusa. Siku ya tatu nilikuta imepungua, na Masanja aliapa si yeye, na safari hii namwamini.

Lakini jioni, Baba Neema. Nikirudi na mzigo wa pamba hakuna wa kunitua. Nikifanya jambo gumu hakuna wa kuniambia, umefanya vizuri, au umekosea, basi njoo ule. Wewe uliweza kusema ukweli na bado mtu akaja kukupenda. Mimi nimeusema, na mtoto wangu ananiamkia kama mgeni. Nimeomba Mungu anipe uhakika. Amenipa kazi za kufanya, nguo za kufua, magoti ya Masanja ya kuosha.

Ijumaa zilikuwa mbio za wadogo, darasa la tatu na Masanja wao. Mwalimu Happy alikuwa amekwenda na timu Bariadi. Mwalimu mkuu akauliza nani atashika upande ule. Watu wakatazamana. Nikalitoa donge lako mfukoni. Limebaki dogo kama yai la kware. Nimejaribu kusokota mwenyewe, wangu unatoka mnene huku, mwembamba kule. Mwakani utakuwa uzi wa vifundo, watatuvumilia.

Neema alikuwa amekaa na wenzake. Sikumwita. Alisimama mwenyewe, akapangusa vumbi kwenye sketi, akaja kunipokonya ncha ya uzi, akaenda nayo mpaka pale ulipokuwa unasimama. Nikamwona anaushika. Ncha za vidole viwili. Sikuwa nimemfundisha, lazima alikuwa anakutazama wewe miaka yote ile.

Watoto wakajipanga, Masanja katikati, fulana imemfika magotini. Mwamuzi akaweka filimbi mdomoni. Nikangoja, kama kawaida yangu ya kijinga. Uzi ukalala kimya. Basi mimi nikauvuta. Mara mbili, taratibu.

Neema akashtuka, akautazama uzi, akanitazama. Akauvuta mara moja, kwa nguvu, nusura aukate. Bado ana hasira na mimi. Lakini alikuwa kule, ameushika.

Masanja alikuwa wa tano, akashangilia kama wa kwanza.

Milembe ameshuka kwenye pamba na anakula ukurasa, wacha nikomee hapa. Pumzika, baba. Na mimi nikiwahi kumaliza mistari iliyobaki nitapumzika kidogo.

Mimi yule uliyemwambia ni wa pili,
Mama Neema