Yustina Amesahau Kumwaga Maji

Jumanne, manyunyu tangu alfajiri. Hapa Bigwa mlima umejifunika ukungu, nami sitaki kuona mtu.

Leo nimemnyang'anya mama jiko.

Wasiomjua mama wanalijua jina lake. Alipoolewa alitoka kwao, upande wa pili wa Uluguru, na mbegu za fiwi, yale maharage mapana, kwenye fundo la khanga, zile za madoadoa mekundu. Kijijini kwa baba hawakuwa nazo. Wakaomba mbegu kwa Yustina, wakapanda fiwi za Yustina, mwisho wakaziita Yustina tu. Hata sokoni mjini utasikia mtu anapimiwa kilo ya Yustina, wala hajui kwamba Yustina ni mtu na yupo hai.

Ni tamu, nisiseme uongo. Mama huziunga kwa nazi, au huziponda pamoja na ndizi mbichi, tukagombea ukoko. Lakini zina sumu. Lazima uzichemshe, umwage maji, uweke mengine, umwage tena, mpaka maji yaache weusi. Mama ndiye aliyenifundisha, tena kwa makofi.

Mchana nimerudi kutoka kwenye cherehani yangu, nikamkuta binti yangu Neema anatapika uani, bibi yake kamshika kichwa. Jikoni kulikuwa na sufuria ya fiwi, mchuzi mweusi chini ya tui.

"Mama, maji ulimwaga?"

"Maji gani tena, mwanangu?"

Nikambeba Neema. Tukakimbilia zahanati. Nesi amesema bahati yake alionja tu. Sasa amelala, ila kila nikipita namwekea mkono kifuani nione kama anapumua.

Nina hasira, na sina wa kumkasirikia. Miezi hii mama amekuwa akisahau chumvi, akisahau mlango, akimwita Neema kwa jina langu. Majirani walisema uzee, nami nikaona afadhali uwe uzee.

Jioni nimezifungia fiwi zote kabatini. Nikamwambia taratibu, "Mama, sasa pumzika. Nitapika mimi."

Nilitegemea matusi. Mama yangu hakuwa mtu wa kunyang'anywa mwiko. Badala yake alinitazama usoni, akaweka khanga yake vizuri mabegani, akainama kidogo kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

Nikaitikia marahaba.

Kesho akiniamkia tena, nitamwambia mimi ni nani?