Mashine ya Mayai Imegoma Kuamka

Jumatano, 12 Machi

Simu tatu za kutengeneza asubuhi. Moja imeingia maharage. Siyo maji, maharage. Mwenyewe anaapa ilikuwa mfukoni. Nimeisafisha, imewaka, kaondoka bila hata asante. Ndiyo Manyamanyama hiyo, mtaa wa duka langu hapa Bunda.

Mchana mama mkwe alipiga kutoka Butiama. Mashine ya kutotolesha inasoma unyevu vibaya, namba zinarukaruka. Najua tatizo. Liko kwenye programu yangu, siyo kwenye mashine. Nimeshaandika mpya. Nitaituma kesho kwa mtandao, nisilazimike kupanda gari.

Mayai yana wiki mbili mle ndani. Siyo yake peke yake, ni ya kikundi chao kizima cha akina mama. Alipita nyumba kwa nyumba akiyaomba. Aliwaambia, mkamwana wangu ameunda mashine inayoshinda kuku. Sikumtuma kusema hivyo. Lakini nilifurahi.

Alhamisi, 13 Machi

Bunda jua kali, fundi cherehani wa jirani kahamia kivulini.

Nilituma programu baada ya chakula. Memori ya mashine ina vyumba viwili. Programu inayofanya kazi iko chumba cha kwanza, mpya inaingia cha pili. Ikifika yote, alama inahamishwa, na mashine inaanza kutumia chumba cha pili. Nilijisifu sana siku niliyobuni hilo.

Ilifika katikati ikasimama. Nikasubiri. Mtandao wa Butiama naujua. Nikanywa chai. Nikarudi. Kimya.

Jioni mama mkwe akapiga. Balbu zimezima. Skrini inasema FAILI HALIPO.

Maneno hayo niliyaandika mimi. Anayeyasema ni mwamshaji, ile programu ndogo inayoamka kwanza kuliko zote. Inatafuta mafaili kwenye memori, ikiyapata inawasha balbu, feni, kila kitu. Isipoyapata inasimama hapohapo.

Nilimuuliza kama amegusa kitu. Akasema hajagusa. Nikauliza tena. Sauti yake ikabadilika. Nikamwambia ayafunike mayai kwa pamba, apange chupa za maji ya moto katikati.

Sikula.

Ijumaa, 14 Machi

Butiama. Barabara ya kuingia kwake matope matupu, bodaboda kanishusha mbali nikamalizia kwa miguu.

Akina mama wanne chumba cha mashine. Pamba kila mahali, ile aliyobakiza msimu uliopita, haijachambuliwa hata mbegu. Mayai yamelala ndani ya mabeseni. Wengine wamekwenda na ya kwao, wameyaingiza chini ya kuku wanaoatamia. Siwalaumu. Inauma.

Nilimulika yai moja kwa tochi ya simu. Mishipa. Halafu kitu kikatikisika. Hai. Nilimulika mengine sita. Matano hai.

Kisha nikachunguza nje ya mashine. Waya sawa. Soketi sawa. Sebuleni kioo cha ukutani bado kimefunikwa kitenge, nikagonga goti kwenye meza nikitafuta swichi.

Nimeunga balbu moja kwa moja kwenye umeme. Sasa mtu anakaa na kipimajoto, joto likizidi anazima, likishuka anawasha. Wamegawana zamu. Bodi, ubongo wa mashine, nimeing'oa, ninayo kwenye mkoba, nimeizungushia kanga.

Mama mkwe hakunisindikiza hadi barabarani. Siku zote hunisindikiza.

Nimempigia mume wangu, Magesa, yuko Mugango anakofundisha. Nimemwambia mama yako ameigusa mashine na hataki kusema. Akasema, "Mama hanaga uongo." Nikakata simu.

Nina hasira. Pia naogopa. Kuogopa ndiko kukubwa.

Jumamosi, 15 Machi

Musoma, kwa Masatu. Tulisoma naye ufundi. Ana kifaa cha kusomea chipu ya memori, mimi sina. Ana mdomo pia.

Tulisoma memori ya bodi. Mafaili yote yapo! Yote. Nayaona kwenye kompyuta, majina yake, ukubwa wake. Nikarudisha chipu kwenye bodi.

FAILI HALIPO.

Masatu akasema chipu imechoka. Tukanakili kila kitu kwenye chipu mpya, kama kilivyo. FAILI HALIPO. Akasema labda mwamshaji wako ni kipofu. Akacheka. Nilitaka kumrushia koleo.

Kanikopesha kifaa chake. Ana moyo, shida mdomo.

Basi la kurudi Bunda halikujaa, nilikaa dirishani na bodi mapajani. Mafaili yapo. Anasema hayapo. Mmoja wetu ana wazimu.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani sikwenda.

Nimefuta chumba cha kwanza. Nimekijaza upya. Faili moja moja, nikihakiki kila moja. FAILI HALIPO. Nimefuta tena. Nimejaza tena. Hivyohivyo.

Mama mkwe kanitumia ujumbe, siyo simu. Umeme ulikatika Butiama asubuhi, wakawasha jiko la mkaa, wakafungua dirisha moshi usiue. Mayai mawili yamepasuka mtu akiyahamisha. Mmoja wa akina mama amesema hadharani kwamba kuku hajawahi kumuuliza mtu faili.

Ana haki ya kusema. Ningekuwa yeye ningesema zaidi.

Mwanangu Wakuru kaniuliza kama vifaranga vya bibi vitakufa. Nimemfokea. Ana miaka saba. Nimemwomba radhi kwa maandazi.

Jumatatu, 17 Machi

Niandike taratibu.

Mchana nilikuwa dukani, najaza memori kwa mara ya sijui ngapi. Wingu likaja. Radi ya kwanza ikapiga mbali, upande wa ziwa. Ya pili ikapiga karibu. Kinyozi akazima mashine mteja akiwa amenyolewa nusu kichwa. Fundi cherehani akazima pasi. Mwenye duka la vinywaji akachomoa friji. Na mimi nikachomoa plagi. Mkono ulikwenda wenyewe. Hapa hakuna mtu anayeachaga umeme radi ikipiga. Tumelelewa hivyo, unazima, unafunika kioo, unakaa mbali na dirisha.

Nikakaa gizagiza na plagi mkononi. Bodi imezima katikati ya kuandikwa.

Katikati ya kuandikwa.

Kioo cha mama mkwe kimefunikwa kitenge. Matope.

Nikampigia. Nikamuuliza kama Alhamisi kulinyesha.

"Kulinyesha sana. Radi zilipiga, nikazima umeme pale ukutani. Ilipopita nikawasha."

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza kama nimeigusa mashine. Mashine sijaigusa. Radi ikipiga si tunazimaga? Wewe huzimagi?"

Plagi bado nilikuwa nimeishika.

Umeme niliporudisha sikuangalia mafaili. Niliangalia alama, ile inayomwambia mwamshaji aende chumba kipi. Siku zote hizi sikuigusa. Nilijua inahamishwa mwisho, baada ya mzigo kufika, na mzigo haukufika, basi alama iko palepale. Nilijua! Niliiandika mwenyewe!

Alama inasema chumba cha pili.

Nikafungua programu yangu ya mwaka jana, ile iliyokuwa inapokea mpya. Mstari wa kuhamisha alama uko mwanzo. Mwanzo kabisa, kabla hata faili moja halijaingia. Programu mpya ilipoanza kufika, alama ikahama. Mama mkwe akazima. Alipowasha, mwamshaji akaenda chumba cha pili, akakuta nusu ya vitu, akasema ukweli. Mimi siku mbili najaza chumba cha kwanza. Ni kama kumpelekea mtu chakula kwenye nyumba aliyohama, halafu unamlaumu kwamba hali.

Nikamalizia kujaza chumba cha kwanza, nikairudisha alama huko. Nikawasha.

Imeamka. Taa ya kijani. Feni ya majaribio ikazunguka mezani ikapeperusha risiti zote.

Nimeuhamisha ule mstari, sasa uko mwisho. Nimejaribu kwa kuchomoa plagi katikati, tena na tena, kila mahali. Kila mara inaamka na programu ya zamani. Ndivyo ilivyopaswa kuwa tangu siku ya kwanza. Mashine ya Mara ambayo haijui kwamba watu watazima umeme radi ikipiga, hiyo imetengenezwa na nani? Na mimi, mzaliwa wa Mara.

Nimempigia Magesa. Nimemwambia mama yako hana uongo. Akasema, "Nilikwambia." Akaongeza kwamba nimwambie yeye mwenyewe, siyo kupitia kwake.

Nililia kidogo. Nikapika ugali.

Jumanne, 18 Machi

Nimefika Butiama asubuhi. Bodi imerudi mahali pake. Imeamka mara ya kwanza. Akina mama hawakushangilia. Wamechoka, macho mekundu kwa moshi.

Nilisimama mbele yao wote nikasema kosa ni langu, lilikuwa kwenye mashine tangu nilipoiunda. Nikasema mama alizima umeme sawasawa, na mtu yeyote angezima. Nikasema pia kwamba nilimsingizia kwa mwanawe. Hilo lilikuwa gumu kutoka.

Mama mkwe alikuwa anachambua mbegu kwenye pamba. Hakuinua kichwa. Akauliza, "Yaliyokufa ni mangapi?"

Sijui. Tulimulika yote. Mengi hai. Mengine meusi tu ndani, hayatikisiki. Tuliyatoa, kila mama akachukua ya kwake akaenda kuyazika nyuma ya nyumba. Hakuna aliyenisema. Ningependa wangenisema.

Nimebaki. Duka lijifungie.

Alhamisi, 20 Machi

Yai la kwanza limetoboka alfajiri. Hadi mchana mashine nzima ilikuwa inalia. Vifaranga vimelowa, vibaya, vizuri. Yule mama aliyesema kuku haulizi faili amepata vingi kuliko wote. Amevihesabu mara mbili kwa sauti, nisikie.

Baadaye wingu. Nilikuwa chumba cha mashine na mama mkwe, wengine wamekwenda kutafuta chenga za mahindi za kulishia vifaranga. Radi ikapiga. Akanyanyuka akaenda kwenye swichi ya ukutani, mkono ukasimama hewani. Akaniangalia. Katika maisha yangu ya ukwe hajawahi kuniomba ruhusa ya kitu.

"Nizime, Mama Wakuru?"

"Zima, mama."

Akazima. Nikaenda kufunika kioo cha sebuleni. Tukakaa kitandani pake, mbali na dirisha, mvua inapiga bati, vifaranga vinapiga kelele chini ya pamba. Ilipopita akainuka akawasha mwenyewe, akasubiri mbele ya skrini hadi taa ya kijani ilipotokea.

Jioni nilipoondoka alinisindikiza hadi barabarani.